Hewa Safi ni Dawa: Je, Binti Yako Atakuwa Mhandisi?



Safu hii imezoea kusema habari za kuhara, chanjo na lishe ya watoto. Mwezi huu itasema habari za kazi, na wala si kazi ya uuguzi. Ni kazi ya mhandisi wa mitambo, hasa yule anayeshughulika na majengo: namna nyumba inavyopata hewa, inavyotunza ubaridi au joto, na inavyotumia moto na umeme bila kupoteza. Najua wengine mtasema, "Hayo ni mambo ya baba watoto." Someni kwanza hadi mwisho, kisha mkamsomee na baba watoto.

Sababu ya kuandika ni hii. Mama mmoja wa hapa Magamba alinifuata baada ya ibada akiwa na matokeo ya kidato cha nne ya binti yake. Msichana amefaulu fizikia, kemia na hisabati kuliko masomo yote. Mama akaniomba nizungumze naye ili asome uuguzi kama mimi. Lakini msichana mwenyewe, tulipomwuliza, alisema kwa sauti ndogo kwamba anataka kujifunza kujenga nyumba ambazo watu hawaungui ndani yake mwezi wa kumi. Baba yake mdogo akacheka. Akasema kazi hiyo ni ya wanaume, na kwamba msichana wa umri ule akikaa nyumbani akingojea shule ataharibikiwa. Heri aliyekwisha kuja kuuliza posa ajibiwe.

Majibu niliyowapa wazazi wale ndiyo nawaandikia nanyi, maana si wao peke yao wenye binti.

Mhandisi huyu hufanya nini?

Wahandisi ni wengi kama vidole vya mkono. Mhandisi wa ujenzi huhakikisha nyumba inasimama. Mhandisi wa umeme hupitisha nyaya. Mhandisi wa mitambo hushughulika na vitu vinavyozunguka, vinavyosukuma na vinavyopasha au kupoza: injini, pampu, feni, matangi ya maji moto, majokofu na viyoyozi. Anapoingia katika majengo, kazi yake huwa ni hewa, maji na joto.

Kabla jengo halijajengwa, hukaa na mchoraji ramani, akahesabu. Jua la saa nane litaingiza joto kiasi gani kupitia bati? Dirisha limeelekea wapi? Watu wangapi watakaa ndani? Mtu mmoja aliyekaa tu kimya hutoa joto la karibu wati 100, sawa na balbu ya zamani ya wati 100. Fikiria basi kanisa lenye waumini 300: ni kama kuwasha balbu 300 za namna hiyo humo ndani, kabla kwaya haijaanza kuruka! Akishahesabu, ndipo husema dirisha liwe na ukubwa gani, paa lipande kiasi gani, na kama feni inahitajika au upepo unatosha.

Jengo likiwa limekwisha kujengwa, hulipima kama sisi tunavyompima mgonjwa. Sisi hatutoi dawa kabla ya kuuliza historia, kupima joto na kuhesabu mapigo. Naye husoma ankara za umeme za miezi iliyopita, hupima joto la vyumba, hukagua mabomba, injini na majokofu, akatafuta mahali nguvu inapovuja. Halafu huandika matibabu kwa mpangilio. Kwanza, punguza mahitaji: kivuli, dari, madirisha. Pili, tumia kifaa kisichopoteza. Tatu, baada ya hayo, ndipo utafute umeme zaidi. Watu wengi huanzia la tatu, wakanunua jenereta kubwa kwa nyumba inayovuja. Mtungi uliotoboka haujazwi kwa kuongeza ndoo, huzibwa kwanza.

Kazi hii ina umri wa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1902 kijana mhandisi wa mitambo wa Marekani, Willis Carrier, alibuni mtambo wa kudhibiti joto na unyevu katika kiwanda cha kuchapisha cha Brooklyn, kwa sababu karatasi zilikuwa zikivimba kwa unyevu na rangi haziangukii mahali pake. Huo ndio mwanzo wa kiyoyozi cha kisasa. Na msidhani wanawake walikuja nyuma sana. Mwaka 1916 msichana aitwaye Margaret Ingels alihitimu uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Kentucky. Alifanya kazi katika kampuni ya Carrier, na akashiriki utafiti ulioonyesha kwamba raha ya mtu ndani ya chumba haitokani na joto peke yake, bali na mambo matatu pamoja: joto, unyevu na mwendo wa hewa. Ndiyo maana kukaa chini ya mwembe wenye upepo ni raha, ingawa kipimajoto hakionyeshi tofauti kubwa na ndani ya nyumba.

Sisi wauguzi tunamhitaji

Nilimwambia mama yule: ukimpeleka binti yako kwenye uhandisi wa majengo, hujamwondoa kwenye afya. Umempeleka mlango wa pili wa nyumba ileile.

Mwanzilishi wa uuguzi wa kisasa, Florence Nightingale, alilijua hilo. Katika vita vya Krimea, askari wengi waliolazwa hospitali ya Scutari walikufa kwa maradhi kuliko kwa majeraha. Mwaka 1855 tume ya usafi ilizibua mifereji ya maji machafu na kufungua njia za hewa, na vifo vikapungua sana. Alipoandika kitabu chake cha uuguzi mwaka 1859, jambo la kwanza kabisa aliloliweka mbele ya muuguzi lilikuwa hewa: ya ndani iwe safi kama ya nje, bila kumtia mgonjwa baridi. Kabla ya dawa, kabla ya chakula, hewa.

Msione kwamba hayo ni ya zamani. Kati ya mwaka 2005 na 2006, katika hospitali ya Tugela Ferry huko Afrika Kusini, waligunduliwa wagonjwa 53 wenye kifua kikuu sugu kisichosikia karibu dawa zote. Wagonjwa 52 kati yao walikufa. Wengi walikuwa na virusi vya UKIMWI, na uchunguzi ulionyesha kwamba baadhi yao waliambukizwa hospitalini, mahali walipokwenda kutafuta uzima. Kifua kikuu husafiri hewani. Mgonjwa akikohoa katika chumba kilichofungwa, vijidudu huelea kwa saa nyingi, na anayevuta hewa hiyo hajui.

Mwaka 2007 ilitolewa taarifa ya watafiti waliopima hewa katika hospitali za Lima, nchini Peru. Majengo ya zamani, yenye dari za juu na madirisha makubwa, yalibadilisha hewa yote ya chumba karibu mara 40 kwa saa. Majengo mapya, yenye dari fupi na madirisha madogo, yalifikia karibu mara 17. Vyumba vyenye mitambo ya kusukuma hewa vilikuwa na mara 12 tu. Yaani dirisha la bibi zetu lilishinda mashine! Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo: wodi ya kawaida ipate wastani wa lita 60 za hewa safi kila sekunde kwa kila mgonjwa, na chumba cha magonjwa yanayosafiri hewani kipate lita 160.

Nani atahesabu lita hizo? Si daktari, wala si mimi. Ni mhandisi.

Jirani zetu wa Rwanda walilitenda. Hospitali ya Butaro, wilayani Burera, ilifunguliwa mwaka 2011. Wachoraji na wahandisi walikaa na waganga wakauliza maambukizo hupita wapi. Basi wakaweka njia za kupitia watu nje ya jengo badala ya ukumbi wa ndani uliojaa wagonjwa wanaokohoa. Wakaweka madirisha ya chini na ya juu ili hewa ya moto itoke juu, wakatundika feni kubwa zinazozunguka polepole na taa maalumu za kuua vijidudu karibu na dari. Umeme unaotumika ni kidogo, na mgonjwa anavuta hewa safi huku akitazama milima.

Hapa kwetu nimefanya kazi katika wodi ya bati lisilo na dari. Saa nane mchana mama aliyejifungua alikuwa akitokwa jasho kama aliyemwagiwa maji, na usiku wa mwezi wa sita kila dirisha lilifungwa kwa kuogopa baridi, wagonjwa wote wakivuta hewa moja hadi asubuhi. Dawa tulikuwa nazo. Tulichokosa ni mtu wa kuhesabu hewa siku jengo lile lilipochorwa.

Hata chanjo za watoto wenu zinamtegemea mtu huyu. Chanjo nyingi hukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8. Mji wetu wa Mpanda uliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli, na wote mnakumbuka umeme ulivyokuwa ukikatika. Majokofu mazuri ya chanjo yana kuta nene na barafu iliyozungushiwa ndani, hivyo hutunza ubaridi kwa saa nyingi umeme ukiwa haupo. Mhandisi aliyeongeza unene wa ukuta ule ameokoa watoto asiowajua.

Jifunzeni kwa mchwa

Biblia, katika Mithali sura ya 6, inamtuma mvivu kwa chungu akajifunze. Wahandisi nao walikwenda kwa ndugu yake, mchwa. Nani wa Katavi asiyekijua kichuguu? Tunachimba udongo wake wa kukandikia, na watoto hukaa kando yake kungojea kumbikumbi mvua zikianza.

Mchoraji majengo wa Zimbabwe, Mick Pearce, pamoja na wahandisi wa kampuni ya Arup, walijenga jengo kubwa la maduka na ofisi mjini Harare liitwalo Eastgate, likamalizika mwaka 1996. Walitazama kichuguu na kujiuliza mchwa huishi vipi katika nchi ya joto bila kufa. Basi wakajenga kuta nene za zege na matofali. Usiku, hewa baridi ya nje huvutwa na feni kupitia nafasi zilizo chini ya sakafu, ikapoza zege. Mchana, zege lile lililopoa hulipoza jengo, na hewa iliyopata joto hupanda na kutoka juu kwa mabomba kama ya kutolea moshi. Jengo zima halikuwekewa viyoyozi vya kawaida, na gharama iliyookolewa ilikuwa kubwa. Baadaye wataalamu wa wadudu waligundua kwamba kichuguu hufanya kazi zaidi kama pafu linalovuta na kutoa pumzi kuliko kama kiyoyozi. Lakini jengo linasimama na linafanya kazi.

Nairobi nako, katika eneo la Gigiri, Umoja wa Mataifa ulifungua mwaka 2011 jengo la ofisi za watu 1,200. Katikati limeachwa wazi ili hewa ipande na kutoka. Mwanga wa jua hutumika badala ya taa mchana, na juu ya paa zimetandazwa mita za mraba 6,000 za vioo vya umeme wa jua. Jengo lilipangwa litengeneze umeme mwingi kadiri linavyoutumia. Lakini angalieni mpangilio: kwanza walipunguza mahitaji, ndipo wakaweka umeme wa jua.

Hata nyumba ya kijijini

Mtu asiseme kwamba elimu hii ni ya ghorofa za mijini tu. Katika kijiji cha Magoda, wilayani Muheza, mkoa wa Tanga, watafiti wa Tanzania na wenzao wa nje walijenga nyumba sita za mfano. Kuta zilipitisha hewa, madirisha na mianya ilizibwa kwa nyavu, na nyingine zilikuwa za ghorofa moja juu na vyumba vya kulala huko juu. Mwaka 2017 walichapisha waliyoyaona: nyumba zile zilikuwa na ubaridi zaidi kuliko nyumba za kawaida za kijiji, na mbu walipungua sana, hasa katika zile za ghorofa, kwa sababu mbu wengi hutafuta damu karibu na ardhi.

Kutokana na hayo, mradi mwingine ukajenga nyumba 110 katika vijiji 60 vya Mtwara, familia zikachaguliwa kwa bahati nasibu ili utafiti uwe wa haki. Nyumba hizo zina jiko linalotoa moshi nje, tangi la kukinga maji ya mvua na choo kisichoingiza nzi. Shabaha yake ni maradhi matatu yanayowaua watoto wetu: malaria, kuhara na maradhi ya kifua. Waona basi, mama? Fundi na mhandisi wamekaa meza moja na muuguzi.

Nawe unaweza kuanza leo kwa senti chache:

1. Dirisha moja halitoshi chumba. Hewa inahitaji mlango wa kuingilia na wa kutokea. Ukijenga, weka madirisha mawili yanayotazamana, au dirisha na matundu juu ya mlango. Yote yawekewe wavu wa mbu.

2. Bati lisilo na dari ni jiko. Jua hulipasha bati, nalo hulishusha joto juu ya vichwa vyenu. Dari, hata ya mikeka au ya mbao za bei nafuu, hupunguza joto la mchana na baridi ya usiku. Bati la rangi nyeupe hupata joto dogo kuliko la rangi nzito.

3. Panda mti upande wa magharibi, jua la alasiri linakotoka. Ila usiuweke karibu sana mizizi ikafika msingi.

4. Mwezi wa sita na wa saba, usilale kamwe na jiko la mkaa chumbani. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu husinzia, haamki. Mtoto mchanga apate joto kwa kukumbatiwa kifuani, kwa kofia, soksi na blanketi, wala si kwa moto.

5. Tumia kikapu cha kutunza joto. Chukua kikapu kikubwa, kitandikie mto wa sufi, pamba au vitambaa chakavu chini, pembeni na juu. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yale, weka mapya, chemsha kwa nguvu dakika 20 au zaidi, kisha funika sufuria na uiweke kikapuni haraka. Joto lililomo litaendelea kupika kwa saa kadhaa bila kuni. Kabla ya kula, yachemshe tena. Yakiwa bado magumu, yarudishe motoni. Usiache chakula humo kikapoa hadi kuwa vuguvugu, maana vijidudu hupenda hapo.

6. Kama una umeme, jiko la presha la umeme hupika maharage kwa sehemu ndogo ya umeme unaotumiwa na jiko la sahani, kwa sababu limefungwa na kuta zake zinatunza joto.

Mwezi wa tano mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Lengo hilo halitafikiwa kwa hotuba. Litahitaji maelfu ya watu wanaojua kupima joto na kutengeneza majiko, na kwa nini wasitoke Mpanda?

Njia ya kupita

Akina mama wengi hawapingi. Hawajui tu njia. Basi nawaandikia.

Binti aliyefaulu kidato cha nne kwa fizikia, kemia na hisabati anaweza kwenda kidato cha tano kusoma tahasusi ya PCM au PGM. Baada ya matokeo, Serikali hutoa muda maalumu wa wanafunzi kubadili tahasusi walizochagua. Muda huo ni mfupi. Mwendeeni mkuu wa shule mapema, msingoje hadi dirisha lifungwe. Tangu mwaka 2022 ada ya kidato cha tano na cha sita imeondolewa katika shule za Serikali, ingawa mahitaji mengine mzazi hutoa.

Njia ya pili ni stashahada katika vyuo vya ufundi kama Chuo cha Ufundi Arusha, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam au Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Huchukua miaka mitatu, na mwenye bidii huendelea hadi shahada.

Njia ya tatu ni VETA. Hapa Mpanda tuna chuo chake, na baadhi ya vyuo vya VETA nchini hufundisha ufundi wa majokofu na viyoyozi. Msiidharau. Mhandisi bila fundi ni kama daktari bila muuguzi.

Shahada ya uhandisi ni miaka minne. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha uhandisi tangu mwaka 1973. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ipo kwa ajili ya wasio na uwezo. Jazeni fomu kwa ukweli, na vyeti vya kuzaliwa viwe tayari.

Baada ya shahada, mhitimu huandikishwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kisha hufanya mafunzo kazini kwa miaka mitatu chini ya wahandisi wazoefu, ndipo awe mhandisi mtaalamu. Mwaka 2010 ulianza mpango wa pekee, kwa msaada wa Norway, wa kuwasaidia wahandisi wanawake katika mafunzo hayo. Wahandisi nao huapa kiapo cha kazi yao, kama sisi wauguzi tunavyoapa chetu. Yatazameni mahospitali, mahoteli, viwanda na ofisi zinazojengwa: kote humo mtu huyu anahitajika.

Hofu za wazazi

Sasa nirudi kwa yule baba mdogo, maana hofu yake si ya mzaha. Kati ya matokeo ya kidato cha nne na kufunguliwa kwa kidato cha tano ipo miezi mingi, na miezi hiyo imewapoteza wasichana wengi wa mkoa wetu. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016, Katavi ilikuwa ya kwanza nchini: asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au wana mimba. Katika utafiti wa mwaka 2022 kiwango kilishuka hadi asilimia 34. Tumshukuru Mungu, lakini bado ni msichana mmoja katika kila watatu. Nimewapokea wengi wao katika chumba cha kujifungulia. Wanaita mama zao kama watoto, kwa sababu ni watoto.

Lakini, baba, je, dawa ya kuzuia mimba ya utotoni ni ndoa ya utotoni? Nyonga ya msichana haijui kama mahari imelipwa. Dawa ni kazi, shabaha na macho ya wazazi. Tulikubaliana kwamba msichana afundishe hesabu watoto wa darasa la saba katika chumba cha kanisa, mchana na kwa uwazi, akiwa na mama mmoja wa kikundi chetu. Jioni arudi kwao. Mwenye posa ameambiwa angoje. Baba mdogo hajakubali kwa moyo wote, lakini baba mzazi amekubali binti abadili tahasusi.

Hofu nyingine ni ya mama mwenyewe. Aliniambia polepole, "Dada, akisoma sana nani atamwoa? Na atatukumbuka?" Sikumpa ahadi, kwa maana ndoa hutoka kwa Mungu. Nilimwuliza tu: akiolewa na mume akafa, au akaondoka, unataka mwanao awe na nini mkononi? Akanyamaza. Yeye mwenyewe amewalea watoto wa marehemu dada yake, anajua jibu.

Na kwa wanaosema kujenga ni kazi ya wanaume, fungueni Nehemia sura ya 3, mstari wa 12. Katika orodha ya waliojenga upya ukuta wa Yerusalemu, yupo Shalumu, na imeandikwa kwamba alijenga pamoja na binti zake. Hawakuitwa kupika chakula cha mafundi; waliandikwa pamoja na wajenzi. Someni pia Kutoka sura ya 31, mwone jinsi Bezaleli alivyojazwa Roho wa Mungu kwa ajili ya kazi ya mikono. Ufundi ni karama. Na Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwamuru ajengaye nyumba mpya auzungushie ukingo ukuta wa darini, mtu asije akaanguka. Yaani tangu zamani Mungu amehesabu usalama wa nyumba kuwa ni sehemu ya kumpenda jirani.

Kwa mazungumzo ya kikundi

Mwezi huu katika vikundi vyetu vya akina mama tujadili haya. Je, jengo letu la kanisa lina njia ya hewa kuingia na kutoka, au watoto wa Shule ya Jumapili wanasinzia kwa joto? Tunapochangia ujenzi wa zahanati au darasa, tumemwuliza fundi kuhusu madirisha na dari, au tunauliza rangi tu? Bwana wetu, katika Luka 14, alisema juu ya mtu atakaye kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama. Tuhesabu na gharama ya hewa.

Na kila mama mwenye binti anayependa hesabu amwite leo, amwulize anapenda kuwa nani, kisha anyamaze amsikilize. Msimjibu kabla hajamaliza.

Bwana awabariki, azijalie nyumba zenu amani, afya na hewa safi.